Mkate wa Kiapo

Mbegu za viazi ziliisha kabla ya shamba kuisha.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa tatu, mwaka 1975, siku ya kupanda shamba la ujamaa la Kwekishuru, kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima, mwendo wa saa tatu kwa mguu kutoka Mtae. Watu walikuwa wameshuka bondeni tangu saa moja asubuhi. Wanaume walichimba, wanawake wakapanda, na kazi ilikwenda vizuri mpaka saa nane mchana, gunia la mwisho lilipokung'utwa. Mistari sita ilibaki. Ilikuwa imechimbwa, imetiwa samadi, na haikuwa na cha kufukia.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rajabu, alisimama kwenye mstari wa kwanza kati ya ile sita. Aliyatazama magunia matupu, kisha akamtazama Danieli, mtunza ghala.

"Bwana Danieli," alisema. "Bwana Shamba alituletea mbegu kutoka Lushoto, na shamba akalipima mwenyewe kwa kamba. Alisema mbegu itafika mpaka kwenye ule mgomba. Mbona imeishia hapa? Ufunguo wa ghala anao nani?"

"Ninao mimi. Unajua ninao mimi, ulinipa wewe."

"Basi," alisema Mzee Rajabu.

Neno hilo moja lilitosha. Watu walianza kumtazama Danieli kwa namna ambayo hawakuwa wamemtazama asubuhi.

Raheli alikuwa ameinama katika mstari wa jirani. Hakuinuka. Aliendelea kufukia kiazi ambacho kilikuwa kimekwisha kufukiwa, kwa sababu yeye ndiye aliyezichukua mbegu zile.

Raheli alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitano hivi, na marehemu mume wake alikuwa kaka yake Danieli. Hapo Kwekishuru alijulikana kwa kazi moja. Yeye ndiye aliyeoka hosti, ile mikate myembamba ya Meza ya Bwana, kwa Walutheri wa mtaa ule, tawi dogo la usharika. Dada mmoja wa Kijerumani alimfundisha zamani, akamwachia chuma chake: sahani mbili nzito zenye mishikio mirefu, zilizochongwa msalaba katikati. Mchungaji alifika mara nne tu kwa mwaka, maana mitaa ilikuwa mingi na njia ilikuwa mbaya. Kila alipofika, alimkuta Raheli mlangoni na kopo la hosti mkononi. Kwa miaka kumi na tisa hakukosa, na kila mara alikuwa wa kwanza kupiga magoti upande wa wanawake.

Na wizi wenyewe ulikuwa hivi. Mwezi wa kwanza, njaa ilipokuwa imebana, wanawake sita walipangiwa kuchambua mbegu ghalani kila Jumatatu. Vilivyooza vilitolewa vikatupwe, vizima vikabaki. Kila mmoja aliondoka na kikapu chake cha uozo. Wakati huo Efrazia, binti wa pekee wa Raheli, alikuwa amerudi kutoka hospitali ya Bumbuli na mtoto wa siku tisa, na maziwa hayatoki. Unga wa mgao, ule wa manjano ambao watu waliuita Yanga kwa sababu ya rangi ya timu, ulikuwa haujaonekana kwa wiki tatu. Raheli aliweka viazi vizima chini na vilivyooza juu. Alifanya hivyo Jumatatu tatu. Ile ya tatu, Mwanahawa, jirani yake na rafiki yake tangu usichana, alimtwika kikapu akasema, "Mwenzangu, mbona uozo wako mzito kuliko wangu?"

"Wangu una maji," alisema Raheli.

Viazi vililiwa, maziwa yakatoka, mtoto akaishi. Raheli alijiahidi kurudisha siku ya mavuno, kiazi kwa kiazi, na kwa ahadi hiyo alilala usingizi mzuri mpaka siku ile ya mistari sita.

Jioni ile ile mkutano ulikaa kwenye uwanja wa shule. Danieli alikuwa mtu wa maneno makali, na watu wa namna hiyo hawakosi wa kuwalipa.

"Mbona watoto wako hawakukonda, Danieli?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

"Wamekonda! Ila wewe huwatazami watoto, unatazama sufuria yangu!"

Watu walicheka, lakini si kwa kumwonea huruma. Mzee Rajabu alisema kwamba kama hakuna ushahidi, shauri litabidi liende Lushoto kwa wakubwa. Hapo Danieli alivua kofia.

"Haina haja ya Lushoto. Jumapili ya wiki ijayo Mchungaji anakuja. Nitakula Meza ya Bwana mbele yenu wote. Kama nimegusa hata kiazi kimoja cha kijiji, nisimalize mwezi."

Mkutano mzima ukashusha pumzi. Hata wale waliokuwa wakimzomea waliridhika.

Inafaa nieleze. Wazee wa Kwekishuru zamani walikuwa na dawa ya kiapo, ambayo mshitakiwa aliinywa, na mwongo hakupona. Wakristo walikatazwa dawa ile, na wakaiacha kwa moyo mmoja. Lakini hitaji la kujua nani anasema kweli halikuondoka pamoja na dawa. Kisha mtu mmoja, Zakayo, alikana kumchukua mbuzi wa jirani, akala Meza ya Bwana, na kabla ya miezi miwili akaanguka kwenye genge la mlima akitafuta asali, akafa. Watu walikumbushana kwamba Maandiko yenyewe yanasema anayekula isivyostahili anakula hukumu yake. Kwamba Zakayo alikuwa na kifafa tangu utoto, hilo halikutajwa. Tangu siku hiyo, mtu mwenye shauri zito aliapa kwa mkate, na shauri likaisha. Wachungaji waliokuja na kuondoka hawakuambiwa. Hawakuuliza, na hakuna aliyeona ni jambo la kuwaambia.

Mzee Rajabu alikuwa Mwislamu, lakini desturi ya kijiji aliijua.

"Sisi tungemshikisha mtu msahafu," alisema. "Ninyi mna mkate wenu. Haya. Shauri limeahirishwa mpaka mkate useme."

Njiani kurudi nyumbani, Mwanahawa alimshika Raheli mkono.

"Hebu niambie, mwenzangu. Wewe ndiye unayeupika. Unatia nini mle ndani?"

"Unga na maji."

"Unga na maji tu, na mtu anaanguka gengeni?"

"Si mimi ninayemwangusha."

"Sijasema wewe. Lakini ningekuwa mimi mpishi, nisingeonja!"

Mwanahawa alicheka kwa kicheko chake kikubwa. Raheli alijaribu kucheka naye, kisha akaharakisha hatua.

Siku zilizofuata aliligeuza jambo lile upande huu na upande ule. Danieli hana kosa, kwa hiyo atakula na ataishi, na jina lake litasafika. Upande huo ulikuwa mzuri. Lakini yeye? Akipiga magoti, atakufa. Asipopiga magoti, yeye wa miaka kumi na tisa, kila jicho litamgeukia, na kabla ya chai ya mchana kijiji kizima kitajua sababu. Aliwaza kuugua, lakini Mchungaji angekuja kumpelekea mkate kitandani, kama alivyowapelekea wagonjwa wote. Siku ya Jumatano alikwenda kwa Danieli, amwambie. Danieli alikuwa akichonga mpini wa jembe. Mtu huyu ndiye aliyeezeka upya nyumba ya Raheli baada ya mazishi ya kaka yake, wala hakuombwa.

"Karibu, shemeji. Umekuja kumwona mwizi?"

"Usiseme hivyo."

"Wanasema wao. Juzi mwanangu amepigwa shuleni kwa ajili ya viazi ambavyo hata harufu yake hakuisikia. Jumapili nitakula mkate wako, shemeji, tena nitautafuna kwa sauti."

Raheli aliongea habari za mvua, kisha akaaga.

Siku ya Ijumaa aliwasha moto wa kuoka. Mwinjilisti Rubeni, aliyeliongoza kanisa siku zote Mchungaji asipokuwapo, alikuwa amemletea vikombe viwili vya unga wa ngano, akiwa ameutunza kwenye kopo tangu Krismasi. Raheli aliuweka unga ule mezani, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akauficha nyuma ya mtungi, akachukua unga wa Yanga.

Wazo lilikuwa limemjia akiwa kisimani, na aliliona ni wazo zuri. Bwana aliumega mkate wa ngano. Huu wa manjano uliletwa kwa meli na serikali kwa ajili ya njaa. Huu si mkate wa Bwana, ni ugali mkavu. Hauna nguvu ya kuponya, basi hauna nguvu ya kuua pia. Atapiga magoti, atakula, atainuka, na hakuna atakayejua.

Aliukoroga, akapaka nta kwenye chuma, akamimina, akabana juu ya makaa. Alipofungua, hosti ilikatika vipande kumi. Unga wa mahindi haushikani. Alijaribu tena, ikawa hivyo hivyo. Mara ya nne alitia konzi moja tu ya ngano, na hapo zikashikana, ingawa kingo zilimeguka na rangi ilikuwa kama ya majani ya mgomba yaliyokauka. Alizikata kwa mkasi moja moja, arobaini na tano. Alipokuwa akizipanga kwenye kopo ndipo alipomfikiria yule bibi kipofu wa nyumba ya mwisho, ambaye huletwa kanisani kwa kushikwa mkono na kwa siku tatu kabla ya Meza huwa anaomba. Naye kesho kutwa atapewa ugali mkavu. Raheli alikaa chini kwenye kigoda. Alikuwa amewaibia watu mbegu zao, na sasa alikuwa akiwaibia na hiki. Lakini alifunga kopo.

Mchungaji Abrahamu alifika Jumamosi saa nane, viatu vimejaa tope mpaka kwenye kamba. Alikuwa kijana bado, hajafika miaka arobaini, na hakuwa na majivuno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mchungaji. Pole na njia."

"Njia imenipokea kwa matako, mama, mara mbili. Lakini chupa haikuvunjika." Alitoa mkobani chupa ya divai, nusu yake tayari imetumika. "Hii ni ya mitaa mitatu. Tutakunywa kidogo kidogo kama ndege."

Walikuwa katika chumba kidogo cha nyuma ya madhabahu. Raheli alimpa kopo. Mchungaji alilifungua, akatoa hosti moja, akaivunja, akaonja.

"Yanga," alisema.

"Ngano ni chache, Mchungaji." Hilo alilisema akitazama sakafu.

"Hata kule kwetu ni chache." Alitafuna polepole. "Haidhuru, mama. Ngano ni bora, na ikipatikana tutaitumia. Lakini Bwana hakusema atakuja kwa watu wenye ngano tu. Unga ni unga. Anayeufanya uwe alichosema ni yeye mwenyewe, kwa neno lake, si mpishi. Kesho nitalisema neno lile juu ya hizi, na zitakuwa mwili wake uliotolewa kwa ajili yenu. Usiwe na wasiwasi."

Raheli akashika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo huu nao unaua vilevile?"

"Unaua nini?"

"Watu, Mchungaji. Wenye makosa."

Mchungaji aliacha kutafuna. Alivuta kiti akaketi, akamwambia naye aketi, kisha akamuuliza. Raheli alimweleza habari za Zakayo, na kiapo, na jinsi Danieli alivyoapa mbele ya mkutano. Habari zake mwenyewe hakuzitaja. Mchungaji alisikiliza huku akisugua tope kidoleni.

"Nimekuja hapa miaka mitano," alisema mwishowe. "Miaka mitano nawagawia mkate, kumbe ninyi mnausubiri uangushe mtu."

Saa kumi ilikuwa ibada ya maandalizi. Desturi yao ilikuwa kwamba wanaotaka kula kesho wanakuja Jumamosi, wanaungama pamoja, na wenye ugomvi wanapatana. Kwa kawaida walikuja watu thelathini. Siku hiyo kanisa lilijaa, na nje ya madirisha walisimama hata ambao si Wakristo, Mwanahawa akiwa mbele yao wote, maana kijiji kizima kilitaka kujua mkate utasemaje. Mchungaji hakufungua kitabu.

"Nimesikia mna kiapo," alisema. "Ngoja niwaulize. Usiku ule Bwana alipoumega mkate, walikaa nani mezani? Palikuwa na mmoja aliyekwisha kumuuza. Palikuwa na mmoja ambaye angemkana kabla jogoo hajawika. Waliobaki wote walikimbia. Naye alijua, tena aliwaambia. Kisha akawapa mkate, akawapa na kikombe. Kama mkate ule ungekuwa wa kuua wenye makosa, usiku ule asingebaki hata mmoja wa kuosha vyombo."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza.

"Kikombe kile alisema ni damu yake, imemwagika kwa ondoleo la dhambi. Asiye na dhambi atakinywa cha nini? Mtume aliwaonya watu wa Korintho kwa sababu walikula wakashiba na kuwaacha wenzao na njaa, kisha wakajiita mwili mmoja. Huko ndiko kula isivyostahili. Mwizi anayelia hakutajwa. Ninyi mmechukua chakula cha wenye makosa mkakifanya mtego wa kuwanasa. Mimi sitawagawia mtego. Kwa hiyo kesho, aliyeapa kwa mkate huu hataupokea, mpaka aondoe kiapo chake."

Danieli akasimama.

"Mchungaji, umesema vizuri. Lakini wewe kesho jioni unarudi zako. Mimi nabaki hapa na jina la mwizi. Nilikuwa na njia moja tu ya kulitoa, na wewe umeifunga. Nikiondoa kiapo watasema nimeogopa. Nikikiacha, unaninyima meza. Sasa nifanye nini?"

Mchungaji alikifungua kitabu, akakifunga. Ilionekana wazi kwamba hilo hakulifikiria.

"Si unaona?" alisema Danieli. "Hata wewe huna."

Aliketi, akaweka kofia gotini, akaitazama. Nje ya dirisha mtu alisema kwa Kishambaa kwamba mwizi amepata bahati, Mchungaji amemwokoa. Danieli alisikia. Raheli aliona shingo yake ikivimba, na pale pale akajua kwamba hesabu zake zote za wiki mbili zilisimama juu ya mtu huyu kula na kusafika. Sasa hatakula. Sasa ataishi na jina lile mpaka kaburini, na mwanawe atapigwa shuleni, naye Raheli atapona.

Akasimama.

"Viazi nilichukua mimi."

Mwinjilisti Rubeni akasema kwa upole, "Mama Efrazia, keti. Tunajua unampenda shemeji yako."

"Anamkingia!" alisema mwingine. "Mama mzima wa kanisa, viazi vya wizi avijulie wapi?"

Raheli hakutegemea hilo. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kutoaminiwa. Akageukia dirisha.

"Mwanahawa! Siku ile uliponitwika kikapu, uliniambiaje?"

Mwanahawa alishika mdomo. "Nilisema uozo wako mzito."

"Vizima vilikuwa chini. Jumatatu tatu. Tulikula mimi na Efrazia, mtoto akapata maziwa. Danieli hakujua, wala hakuna aliyejua." Alikuwa ameanza, akaona amalize. "Na hosti za kesho nimezioka kwa unga wa Yanga kwa makusudi. Ngano ipo, iko nyuma ya mtungi. Nilitaka usiwe mkate wa kweli, nile nisife."

La viazi liliwanyamazisha. La unga ndilo lililowaamsha. Wazee wa kanisa walisimama wote kwa pamoja, kila mmoja akisema lake: ametia uchafu madhabahuni, ametaka kutulisha pumba, na kopo lile litupwe. Yule bibi kipofu aliuliza jirani yake kwa sauti kubwa, "Kwani wamesema mkate hautoshi?" Mchungaji alipiga meza kwa kiganja mpaka wakatulia.

Danieli aliinuka, akavaa kofia humo humo kanisani, akamwendea Raheli.

"Twende kwa mwenyekiti," alisema. "Sasa hivi, kabla hujabadilisha mawazo."

Mzee Rajabu alikuwa amekaa barazani kwake akipukuchua mahindi ya mbegu. Aliwaona wakija, wawili mbele na nusu ya kijiji nyuma yao, akasogeza ungo.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Raheli.

"Marahaba. Kuna nini? Mmemaliza kusali mapema."

Raheli alimweleza, akiwa amesimama. Mzee Rajabu alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Danieli, akaguna.

"Danieli, nilikuonea. Mbele ya watu hawa nasema nilikuonea." Kisha akamgeukia Raheli. "Utalima mistari ile sita peke yako. Mbegu tutatafuta Kwai, na utakwenda kuzibeba wewe, kwa kichwa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mkate wenu una nguvu kweli," alisema Mzee Rajabu, akirudisha ungo magotini. "Umemtoa mwizi hata kabla haujaliwa."

"Si mkate uliomtoa, mzee," alisema Mwanahawa kutoka nyuma. "Mimi nilikuwa dirishani. Mchungaji alisema mkate hauui, ndipo huyu akasema. Angeogopa kufa, angenyamaza mpaka sasa."

Mzee Rajabu alifikiri kidogo, akasema hayo ni ya Wakristo, wataulizana wenyewe.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kengele, wazee wa kanisa waliketi na Mchungaji katika kile chumba cha nyuma. Raheli alisimama mlangoni. Mwinjilisti Rubeni alisema utaratibu unajulikana: aliyeiba atatengwa miezi sita, kisha atarudi kundini mbele ya usharika. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha nguo.

"Na hosti?" aliuliza mzee mwingine.

"Tutakula hizo hizo," alisema Mchungaji. "Mmekula Yanga mwaka mzima mkamshukuru Mungu kabla ya kula. Mtamshukuru na leo. Ila kuhusu mama huyu, utaratibu ni wenu, siwezi kuufuta kwa nguvu. Nataka tu asikilizwe aliyekosewa. Mwiteni Danieli."

Danieli aliingia, amevaa koti la harusi yake. Aliulizwa: shemeji yako apige magoti leo, au angoje miezi sita?

Jana Raheli alikuwa akiogopa mkate kwa sababu utamuua. Leo alikuwa akiogopa asipewe. Mwenyewe alishangaa jinsi hofu moja ilivyotoka na nyingine kuingia, na hii ya pili ilikuwa kubwa zaidi.

"Nimekasirika," alisema Danieli. "Msidhani sijakasirika. Wiki mbili alinitazama usoni akiniletea habari za mvua. Nitakuwa nimekasirika mpaka viazi viote." Akakuna kidevu. "Lakini jana usiku Mchungaji aliniuliza kama naondoa kiapo, nikakiondoa. Na kama mkate ule ni wa wenye makosa, sasa mkimtoa huyu, mimi mnanipa wa nini? Mimi ndiye niliyeapa kwa mwili wa Bwana kama naapa kwa mbuzi. Tutengeni wote wawili, au tule wote. Mimi nina njaa."

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mwinjilisti Rubeni alitazama daftari la utaratibu, akalifunga.

"Itaandikwa kwamba aliungama mbele ya wote," alisema. "Hiyo nayo ni kurudi kundini."

Raheli hakuwa wa kwanza kupiga magoti siku hiyo. Alingoja nyuma, karibu na mlango, mpaka karibu wanawake wote walipokwenda na kurudi. Duara la mwisho mbele ya madhabahu lilikuwa na wanaume watatu tu, na Danieli akiwa wa mwisho kwenye ukingo. Palikuwa na nafasi kando yake. Raheli alikwenda akapiga magoti hapo.

Mchungaji alipita na sahani. Hosti zilikuwa zimeisha, zimebaki zile zilizomeguka. Alichukua kipande kisicho na umbo lolote, akakiweka katika kiganja cha Raheli, akasema maneno yale ambayo alikuwa ameyasikia mara sabini na zaidi, kwamba umetolewa kwa ajili yako. Miaka yote hiyo alidhani neno hilo la mwisho ni la watu wengine, wale wanaostahili, naye akijipenyeza katikati yao na kopo lake. Alitia kipande mdomoni. Kilikuwa na ladha ya mahindi na moshi na nta kidogo.

Kikombe kilikuwa kimoja kwa wote. Danieli alikunywa, akafuta mdomo kwa mkono wa koti, na Mchungaji akakigeuza kidogo kwa kitambaa, akakileta kwa Raheli. Divai ilikuwa imebaki kidogo sana, ikabidi kikombe kiinamishwe mpaka juu. Ilikuwa chungu na ilichoma kooni. Alimeza.

Kisha akabaki pale, macho yamefumbwa. Hakuwa akisubiri kufa. Hakujua alikuwa akisubiri nini. Magoti yalimuuma, na tumbo lilinguruma kwa sauti, maana hakuwa amekula tangu jana asubuhi.

Danieli alimgusa kiwiko.

"Inuka, shemeji," alinong'ona. "Bibi kipofu ameletwa, anataka nafasi."

Raheli akainuka, akamshika yule bibi mkono, akamsaidia kupiga magoti.